Uzi Mwekundu Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mara ya kwanza alidhani ni bahati tu. Mara ya pili akajiambia macho ya mtu hayafungwi kamba, yatatua yanapotaka. Lakini Alhamisi ya tatu, Wino alipoingia, na kabla hata hajasema habari za jioni akaangalia rafu ya chini upande wa kulia, Bi Uzi aliacha kujidanganya.

Mwanamke hujua. Mwanamume aliyekuja kwa ajili yako, hata nyumba ikiwa inaungua, atakutazama wewe kwanza halafu ndipo aulize moto umeanzia wapi. Huyu alitazama rafu. Kisha akamtazama yeye, akatabasamu lile tabasamu lililomharibia Bi Uzi usingizi miezi mitano, akamwekea mezani kidaftari alichomshonea mwenyewe kwa vipande vya karatasi vilivyobaki karakanani. Bi Uzi akapokea, akashukuru vizuri, na ndani ya nafsi yake akasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Jina la Bi Uzi hakupewa na wazazi. Alipewa na wasomaji wake. Chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake alikuwa amekigeuza mahali pa kuazimisha vitabu, na siku hizi vingi vilikuwa riwaya za watu waliojichapishia wenyewe. Dereva mstaafu ameandika, muuguzi ameandika, mwenye duka la dawa ameandika mbili. Mtu anaandika, anachapisha, marobota yanamjaa chini ya kitanda, halafu anamletea Bi Uzi nakala tano huku ameshika kofia mkononi kama mtu aliyeleta posa.

Naye alivisoma vyote. Hakumtukana mtu wala hakumsifu mtu. Kitabu kikimshinda alikata kipande cha uzi mwekundu, akakilaza pale alipoishia, akafunga, na ncha ya uzi ikabaki inaning'inia chini kama mkia wa panya. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake. Ukichukua kitabu ukaona mkia uko karibu na jalada la mbele, shauri yako. Kisichokuwa na uzi hakikukaa rafuni siku mbili. Waandishi walikuwa wakija kwa kunyata, wanajifanya wanatafuta kitabu kingine, wanakiinamisha chao kidogo waone mkia umelala wapi. Mmoja aliwahi kumletea sabuni za kunukia pakiti nzima. Alirudishiwa sabuni zake, na uzi ukabaki ukurasa wa sita.

Sasa Wino hakuwa mwandishi. Wino alikuwa mpiga chapa wa mtaa wa pili, mwenye mtambo mmoja wa zamani unaotikisa madirisha ya majirani, na vidole gumba viwili vya buluu ambavyo hata mafuta ya taa yalishindwa kuvitakasa. Hizo riwaya nyingi zilitoka mkononi kwake. Ndivyo walivyojuana. Na Jumamosi hii, saa kumi alasiri, mjomba wake alikuwa aje rasmi kuzungumza na wazee.

Mama hakumtaka. Mama alikuwa dobi, amewafulia na kuwapigia pasi wenye nyumba za wageni tangu Bi Uzi hajaota meno, na sababu zake za kumkataa Wino zilikuwa zinabadilika kama nguo kambani. Kwanza alisema vidole vile vitamharibia mashuka. Akaambiwa vidole vitaoshwa. Akasema basi mtambo wake una kelele, mjukuu hatalala. Akaambiwa mjukuu mwenyewe bado. Wiki tatu zilizopita akatoa sababu ya tatu, akasema bila kumtazama mtu, kwamba yeye hampendi mtu anayekaa na siri za watu. Bi Uzi hakuielewa hiyo, akaiacha ipite.

Sasa ilikuwa inamrudia. Maana wiki tatu zilizopita ndipo kilipokuja kile kitabu cha rafu ya chini.

Kiliitwa Mlango wa Nyuma wa Moyo, na penye jina la mwandishi paliandikwa Mpita Njia, basi. Waandishi wote huleta vitabu vyao wenyewe, hata awe na homa atakuja, maana anataka kukuona unavyokishika. Hiki kililetwa na Wino. Alisema mteja amemwomba. Bi Uzi akauliza mteja gani, Wino akasema mteja tu, akageuka kuifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Jioni ile ile akakisoma. Alikuwa na mazoea ya kumsomea mama kwa sauti wakati mama anamenya viazi, kwa sababu macho ya mama yalichoshwa na moshi wa pasi za makaa na herufi ndogo zilimsumbua. Akaanza. Ukurasa wa kwanza, mawingu yanajikusanya. Wa tano, mawingu yamekuwa meusi. Wa kumi na mbili, mwanamke amekaa dirishani anayatazama hayo mawingu na moyo wake nao una mawingu. Wa kumi na tisa, mvua bado.

"Mama," alisema, na machozi ya kicheko yanamtoka, "hata mvua yenyewe imechoka kusubiri."

Mama hakucheka. Aliuliza kama ndiyo ameshafikia kuweka uzi. Alipoambiwa ndiyo, akasema polepole kwamba labda mbele kunanoga.

"Mtu akikukaribisha kwake akakuacha kibarazani kurasa kumi na tisa, mama, wewe utakaa tu usubiri chai?"

"Wengine tungesubiri," mama alisema, akachukua kiazi alichokwisha kukimenya, akaanza kukimenya tena.

Bi Uzi alikata uzi wake.

Sasa Alhamisi hii, saa chache kabla Wino hajafika, fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa amepita. Huyu ndiye aliyekuwa akimpa huo uzi mwekundu, na kila kipande cha uzi alikifunga pamoja na habari. Alisema alikwenda karakanani kwa Wino kuchapisha kadi za wateja, na mezani akaona droo iko wazi, ndani yake madaftari mawili ya shule yameandikwa kwa mkono, jalada la juu limeandikwa Mlango wa Nyuma wa Moyo. Wino alipoona anachungulia, akaisukuma droo.

"Kwa goti, shoga," alisema fundi. "Mtu akifunga droo kwa mkono, anafunga droo. Akiifunga kwa goti huku anakuuliza habari za nyumbani, humo ndani mna jambo."

Akamwacha na hilo, akaenda zake kushona.

Basi Bi Uzi alikuwa amekaa nalo mchana kutwa, na kila alivyoligeuza lilikuwa na sura ile ile. Wino ameandika kitabu. Anajua uzi wa Bi Uzi unaweza kukizika au kukifufua. Kitabu kinahitaji miezi mitano kuandikwa, na miezi mitano ndiyo tangu aanze kumletea vidaftari. Anaona haya kusema ni chake, au anaona ujanja. Akishakuwa mume wa mwenye uzi, nani atamwekea uzi? Sabuni za kunukia zilikataliwa, kwa hiyo huyu amejileta mwenyewe.

Ndiyo maana alipoangalia rafu, Bi Uzi hakumwambia akae.

"Unakitafuta?" aliuliza.

"Nini?"

"Kitabu chako. Kipo pale pale. Hakuna aliyekiazima, na mkia wake unauona kutoka hapo ulipo."

Wino alisimama. Alikuwa mrefu na chumba kilikuwa na dari fupi, na siku zote aliinama kidogo hata mahali pasipohitaji. Akasema si kitabu chake.

"Madaftari yaliyo kwenye droo yako ni ya nani?"

Wino aliishika kola yake, akaiachia, akaishika tena. Angekuwa msema kweli angejibu haraka. Ndivyo alivyojiambia.

"Ya mteja," alisema Wino mwishowe. "Ameniapisha nisimtaje. Karakana yangu iko hivyo, anayetaka jina lake lionekane litaonekana, anayetaka lifichwe nitakufa nalo. Nikikutajia wewe leo, kesho nani ataniachia karatasi zake?"

"Mimi siyo watu. Mimi ndiye unayemleta mjomba wako kwake Jumamosi."

"Najua wewe ni nani."

"Basi niambie."

"Siwezi."

Akamuuliza tena kwa sauti ya chini zaidi, ile sauti ambayo mwanamke huitumia mara moja tu, kwamba kati ya huyo mteja na yeye anamchagua nani. Wino aliinamisha kichwa. Akazitazama gumba zake. Halafu akasema neno la ajabu, kwamba Bi Uzi asiishie pale kumi na tisa, afike walau ishirini na tatu.

Bi Uzi alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Sasa alikuwa na hakika. Mtu asiye mwandishi atajuaje nambari ya ukurasa kwa moyo?

"Mimi husoma vitabu ovyo kuliko mtu yeyote," alisema Wino. "Karatasi moja kubwa ina kurasa kumi na sita, na haziji kwa mfuatano. Inatoka mtamboni, ukurasa wa kumi na saba umekaa ubavuni mwa ule wa thelathini na mbili. Mawingu yake sikuyaona. Nilianzia ishirini na tatu kwa sababu ndio uliokuwa juu, nikazima mtambo. Miaka yote sijawahi kuzima mtambo katikati ya kazi."

"Kwa uzuri wake."

"Siyo kwa uzuri."

"Mwambie mjomba wako asije."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayemwambia mtu kitabu alichotaka kimeshaazimwa. Wino hakubishana. Alifika mlangoni, akainama, akageuka.

"Ningekuwa ni mimi niliyeandika," alisema, "wewe ungeingia ukurasa wa kwanza. Nisingekuweka nyuma ya mawingu."

Akaenda. Bi Uzi alikaa akiangalia kile kidaftari mezani, akaona kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Alikuwa hajaona.

Ijumaa alikaa na kiburi chake. Aliazimisha vitabu, alipokea vitabu, na rafu ya chini hakuigusa. Mama alipoambiwa mgeni wa Jumamosi hatakuja, alitegemewa afurahi. Hakufurahi. Aliuliza kwa nini. Bi Uzi akasema amegundua mwanamume ana siri, na kwamba mama alikuwa ameona mbali. Mama alisimama na shuka mikononi, ameikunja nusu, nusu inaburutika sakafuni, na yeye ndiye dobi asiyeruhusu hata ncha ya shuka iguse chini. Akauliza siri gani. Akajibiwa kile kitabu. Mama akasema, "Aa," akaikunja shuka ile vibaya, akaikunjua, akaikunja tena.

Na hapo, mwenzangu, shaka ilihama nyumba. Kwanza ilikuwa kwa Wino, sasa ikaja kukaa jikoni kwao. Kwa nini mama ameuliza siri gani kabla hajauliza kosa gani?

Jumamosi asubuhi mama alitoka na kapu la mashuka kuyapeleka kwa wenyewe. Bi Uzi aliufunga mlango wa mbele, ingawa ilikuwa saa tatu na wasomaji wangekuja. Akakivuta kitabu. Akapita uzi wake bila kuutoa. Ishirini, mawingu. Ishirini na moja, mvua imenyesha hatimaye, mistari miwili, ikakatika. Ishirini na mbili, mwanamke kaondoka dirishani. Ishirini na tatu:

*Yule mtoto akiwa na homa alikuwa hakubali kufumba macho, anaogopa mama yake ataondoka. Kwa hiyo mama alimpuliza jicho la kulia, halafu la kushoto, akamwambia nimefunga madirisha yote mawili, sasa hakuna atakayetoka.*

Bi Uzi alikaa chini sakafuni. Hakuna mtu duniani aliyelijua jambo hilo. Hakumwambia shoga wala hakumwambia Wino. Lilikuwa la watu wawili tu na chumba kimoja.

Akaendelea. Sentensi zilikuwa zinajikwaa, neno moja limerudiwa mara tatu, nukta hazipo. Siku ya kufua alikuja mwanamume, akapita mlango wa nyuma ili majirani wasione. Mwandishi alianza kwa kusema yule mwanamke, yule mwanamke, halafu akachoka kujificha.

*Akasema nakutaka wewe lakini mtoto apelekwe kwa bibi yake. Nikamwambia mashuka yangu bado mabichi siwezi kwenda popote. Akaelewa. Akatokea alikoingilia. Mashuka yalikuwa yamekauka tangu asubuhi.*

Alisoma mpaka mwisho, kurasa themanini na nane. Na tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe aliusema baadaye: kilikuwa kitabu kibovu. Kingekuwa cha mwingine, baada ya pale angeweka uzi mwingine ukurasa wa thelathini na moja, na mwingine wa sitini. Alikisoma huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Mama alirudi akapita mlango wa nyuma kama kawaida yake, akaweka kapu chini, akamkuta mwanawe sakafuni na kitabu kimefunguliwa mbali, mbali sana na uzi. Alivua viatu akakaa naye pale chini, miguu ameinyoosha.

"Nilidhani kitabu lazima kianze na mawingu," alisema mama. "Vyote ulivyonisomea vilianza na mawingu."

"Mama."

"Nikaona nikianza na mashuka watasema huyu dobi."

Bi Uzi alimwomba msamaha kwa ile jioni ya viazi, na maneno yalimtoka ovyo. Mama alimwacha aseme mpaka yakaisha. Halafu akamweleza, polepole, alivyokuwa akiandika wakati pasi inapata moto, mistari miwili mitatu kwa mara, karibu mwaka mzima. Alivyompelekea Wino na kumwapisha. Na alivyojuta kesho yake. Kila Wino alipoingia humu ndani mama aliona siri yake imeingia na miguu miwili. Akawa anamwogopa. Usiku ule wa mawingu alilala akiamini kijana ameshamwambia Bi Uzi, na wawili hao wanamcheka.

"Kumbe hakusema," mama alisema. "Hata ulipomfukuza?"

"Hata nilipomfukuza."

Mama alikiangalia kidole chake cha shahada, kile chenye alama ya kuungua na pasi.

"Mimi niliwahi kumdanganya mtu kuhusu mashuka nikampoteza, na sijutii, maana nilikupata wewe mzima. Lakini wewe huna mtoto wa kumlinda. Wewe una kiburi tu."

Bi Uzi alinyoosha mkono autoe uzi pale kumi na tisa. Mama akamshika kiganja.

"Uache. Nilitaka usome, sikutaka unidanganye. Nikiandika kingine nijue niliharibu wapi."

Karakana ya Wino ilikuwa wazi na mtambo unanguruma. Bi Uzi alisimama mlangoni na kile kitabu mkononi, na Wino hakumsikia. Alikuwa anasubiri karatasi zitoke, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, la kuposea, na juu yake aproni ya kazi. Shati lile lilimuuma Bi Uzi kuliko neno lolote. Mtu ameambiwa asije na bado amevaa.

Alipomwona, alimtazama yeye. Kitabu alikiona baadaye.

Akazima mtambo. Kimya kikaingia mpaka mtaani.

"Alhamisi tatu," alisema Bi Uzi, "ulikuwa unaiangalia rafu kabla yangu. Nataka kujua kwa nini, na safari hii hujaapishwa."

"Nilikuwa naangalia uzi kama umesogea. Niliogopa utafika pale siku moja uko peke yako."

"Nilikuwa peke yangu."

"Pole."

Bi Uzi alikuja mpaka kwenye meza, akaweka kitabu, akatazama zile gumba za buluu zimekaa pembeni mwake na hazithubutu kusogea. Alikuwa bado ana maswali, na mengine alijua atakuwa nayo mpaka uzee, maana aliyezoea kupima kila kitabu haachi siku moja.

"Mwambie mjomba wako saa kumi ni ile ile."

"Mama yako atanifungulia?"

"Amesema atafungua mwenyewe. Ameshaanza kufagia."

Wino alianza kufungua aproni, na alikuwa mwangalifu asiguse shati.

"Tupite mlango gani?" aliuliza.

"Wa mbele," alisema Bi Uzi. "Majirani wote waone."